Nati Mbili Zisizopakwa Grisi

Saa tatu asubuhi, nyuma ya chumba cha maiti cha hospitali mojawapo mjini Ifakara, miguu miwili yenye kandambili imechomoza chini ya pikapu nyeupe. Mwenye miguu amelala chali juu ya gunia tupu la mpunga. Spana inasikika ikiteleza, kisha mtu anaguna, kisha spana inateleza tena.

Pembeni, wanawake wa familia iliyofiwa wameketi chini, kanga zimefungwa kiunoni. Ndugu zao wa kiume wako ndani, wanakabidhiwa mwili wa mama yao wamrudishe kijijini kwao Namawala. Hakuna anayemharakisha mtu aliye chini ya gari, kwa kuwa wote wanajua anachofanya, na wanajua anakifanya kwa ajili yao.

Nati ya kwanza inaachia. Ya pili imeng'ang'ania. Hatimaye nayo inalegea, na kibati cha ukubwa wa kiganja kinatoka kwenye bomba la moshi. Mtu yule anajitoa uvunguni, anajikung'uta vumbi, anakitia kibati mfukoni mwa shati na kuwapa wafiwa pole kwa mara nyingine.

Jina lake ni Hilari Lihame, dereva, umri wake miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Kisawasawa. Watu wengi wa bonde la Kilombero hawamjui kwa sura. Wanamjua kwa gari, na gari wanalijua kwa sauti.

Jeneza linapakiwa, naye anawasha injini. Pikapu inanguruma kwa sauti nzito yenye mkwaruzo, na ndani ya ngurumo hiyo mna mluzi mwembamba unaopanda kila anapokanyaga mafuta. Mluzi huo ni wa turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili nacho kiisukumie injini hewa zaidi na kuiongezea nguvu. Muuza maandazi aliye ng'ambo ya barabara anavua kofia. Wanawake wanainuka na kujitanda kanga kichwani, na mmoja wao anaanza kulia.

"Sasa tunaweza kwenda," anasema Hilari. "Namawala watatusikia."

Nati nyingine zote za gari hili zimepakwa grisi vizuri, hata mgeni anaona. Alipoulizwa kwa nini asizipake na hizi mbili zinazomsumbua kila safari, Hilari alimfungulia mwandishi wa makala haya mlango wa mbele.

"Hilo nitakuambia tukirudi," akasema. "Panda kwanza."

Pikapu hii ni mali ya Nelly, mfanyabiashara wa mchele mjini Ifakara, aliyeinunua mwaka 1996 ikiwa imeshatumika. Alimwajiri Hilari kubeba mpunga kutoka vijijini kuuleta mashineni. Mshahara wake ni shilingi elfu arobaini na tano kwa mwezi, na posho kidogo gari linapolala njiani.

Kubeba maiti hakukuwemo katika makubaliano. Wafiwa ndio walioanza kumfuata, kwa sababu madereva wengine walikuwa wanakataa. Wapo wanaoamini kuwa gari likishabeba maiti linapata mkosi, halimalizi mwaka bila ajali. Hilari hakumkatalia mtu, na sababu yake anayo.

Mwaka 1991 mkewe, Aurelia, alifia hospitali. Hilari alizunguka mji mzima kutafuta gari la kumrudisha Kisawasawa. Mmoja alimwambia hana mafuta. Mwingine alimwambia gari ni bovu, kisha akaliwasha na kuondoka nalo. Mwishowe akapata tela la trekta lililokuwa limetoka kubeba magunia.

"Nilimshika kichwa njia nzima," anasema. "Tela halina springi. Kila shimo nilikuwa namwomba radhi."

Hakuoa tena. Anasema aliahidi siku ile kuwa akipata gari la kuendesha, hakuna mtu atakayerudi kwao kwa namna ile. Tajiri wake hakufurahi aliposikia gari lake jipya limegeuka la misiba.

"Nilinuna," anakiri Nelly. "Lakini ukimwona mama wa watu amekaa nje ya hospitali na maiti ya mtoto, utamwambia nini Hilari? Nikamwacha."

Na misiba ilikuwa mingi. Watoto walikuwa wanakwenda kwa malaria. Vijana na watu wazima walikuwa wanakwenda kwa ule ugonjwa ambao hadi leo watu wanautaja kwa kushusha sauti. Msimu wa mavuno pikapu ilibeba mpunga, lakini miezi ya mvua, ghala zikiwa tupu, ilipoonekana kijijini ilikuwa na mzigo wa aina moja tu.

Kisha zikaja mvua kubwa za El Niño. Kati ya mwisho wa mwaka 1997 na mwanzo wa mwaka uliofuata, barabara ya kwenda Mlimba iligeuka tope na mawe. Jiwe moja liling'oa sailensa ya pikapu, kile kifaa cha bomba la moshi kinachopunguza kelele, bomba likabaki limekatika katikati, nyuma kidogo ya turbo.

Kwa dereva haikuwa hasara. Gari lisilo na sailensa linatoa moshi bila kizuizi, na injini ya turbo inapenda hivyo. Pikapu ilipanda milima kwa wepesi kuliko mwanzo. Nelly naye hakuona haja ya kugharimia bomba wakati gari linatembea.

Kilichobadilika ni sauti. Bondeni huku magari ni machache na ardhi ni tambarare, mashamba ya mpunga hayazuii kitu. Ngurumo ile yenye mluzi ilisikika muda mrefu kabla gari halijaonekana.

"Ng'ombe wangu walikuwa wa kwanza," anasema Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Namawala na mifugo yake. "Walikuwa wanainua vichwa mimi sijasikia kitu. Nikiwaona hivyo najua, nasimama, navua kofia. Halafu ndiyo gari lile linakuja."

Anasema kila nyumba iliyokuwa na mgonjwa Ifakara, watu walitoka mlangoni wakisikia sauti ile. "Likipita, wanarudi kukaa. Likikata kona kwao, basi. Hawasubiri kuambiwa."

Simu hakuna, barua hukawia. Kwa hiyo sauti ya bomba lililovunjika ikawa ndiyo taarifa. Hilari mwenyewe anasema alikuwa analijua jambo hilo, ila hakulifikiria sana. Alidhani anawasaidia.

Juni 1998, Rosemery, binti wa Mzee Telesphory wa Namawala, alikuwa amelazwa Ifakara. Alipelekwa kwa baiskeli akiwa na uchungu wa uzazi, akafanyiwa upasuaji, akapona. Alipopewa ruhusa, Hilari alikuwa anakwenda Namawala kupakia mpunga, akampa nafasi ya mbele pamoja na kichanga chake.

Rosemery anakumbuka kuwa walikuwa wanacheka njiani. Alikuwa anamtajia Hilari majina aliyomfikiria mtoto, na Hilari alikuwa anayakataa moja baada ya jingine, kwa utani tu.

"Tulipofika mashamba ya kwanza nikasikia kilio," anasimulia Hilari. "Nikapunguza mwendo. Nikaona kilio kinatutangulia, nyumba hii wakinyamaza, ya mbele wanaanza."

Rosemery anamalizia. "Nikamwuliza, kaka, nani amefariki? Akaniambia hajui. Kumbe ni mimi."

Mzee Telesphory alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akikaza kamba za kitanda. Majirani wanasema aliposikia gari alisimama. Aliposikia linakata kona kuja kwake, aliketi chini kwenye udongo, polepole, na hakuinuka tena.

Rosemery aliteremka na mtoto mikononi. Baadhi ya wanawake waliokuwa wanamlilia walikimbia, wengine wakazidi kulia. Alipita katikati yao akapiga magoti mbele ya baba yake, akamwonyesha mjukuu.

"Alinitazama," anasema Rosemery. "Kama aliniona, sijui. Kila siku najiuliza."

Mzee Telesphory alifariki kabla ya jua kuzama. Alikuwa amehuzunikia kifo ambacho hakikutokea, na huzuni hiyo ikamtosha. Mwandishi ameandika habari nyingi za ajali za barabarani, lakini hii ambayo gari halikumgusa mtu hajui aiite nini.

Hakuna aliyemlaumu dereva. Hilari alibaki Namawala, akashika jembe pamoja na vijana kuchimba kaburi. "Wangenitukana ningepumzika," anasema. "Mjane aliniletea maji ya kunawa kwa mkono wake."

Aliporudi Ifakara aliuweka ufunguo juu ya meza ya tajiri wake.

"Alinishangaza," anasema Nelly. "Hilari si mtu wa kubishana. Akaniambia, mama, gari hili mimi sitaliingiza tena kijijini lina sauti hii. Nikamwambia, haya, katengeneze. Lakini sitaki gari bubu lisilopanda Uchindile."

Uchindile ni kule juu, mbele ya Mlimba. Barabara yake inapanda na kuteleza, na gari lisilo na nguvu huishia katikati. Kwa maneno hayo machache Nelly alikuwa amempa dereva wake mtihani mgumu kuliko alivyojua. Hilari alitakiwa kuchagua bomba litakalonyamazisha sauti bila kuua nguvu, au arudi kulima.

Alikwenda kwa Alfonsi, fundi wa kuchomelea mwenye kibanda karibu na soko la Ifakara. Alfonsi ni mwembamba, ana maneno mengi, na hakubali kuhojiwa akiwa amesimama bure. Alizungumza huku anachomelea geti.

"Watu wanadhani sailensa ni kopo tu," anasema. "Gari la kawaida unaweza kulibana kidogo likavumilia. Turbo haivumilii. Inazungushwa na moshi, sasa moshi ukikosa pa kutokea, itazungukaje? Ni sawa na kumziba mtu pua halafu umwambie akimbie."

Hata hivyo, mara ya kwanza walifanya kosa hilo hilo, kwa sababu Hilari alikuwa na haraka. Walichukua sailensa ya gari dogo lililokuwa limekufa, wakaifunga. Pikapu ikawa inanong'ona. Hilari aliendesha kuzunguka soko, akarudi anacheka.

Safari iliyofuata ilikuwa ya kumpeleka marehemu Uchindile. Kwenye mlima gari lilianza kutoa moshi mweusi, injini ikachemka, mwendo ukaisha. Wafiwa waliteremka. Hilari alipotazama kioo cha pembeni aliwaona wamejipanga nyuma, wanaume kwa wanawake, wanasukuma gari lililombeba ndugu yao.

"Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu," anasema. "Nikamkumbuka Aurelia na lile tela. Nikajiambia, Hilari, umefanya kile kile ulichofanyiwa."

Alfonsi aliitoa sailensa ile akaitupa. Akaanza upya, safari hii bila kuharakishwa. Alitafuta bomba pana zaidi ya lile la kwanza, akalipitisha chini ya gari bila kona kali. Akachukua kipande cha bomba hilo akakitoboa matundu madogo kwa drili pande zote, akakitumbukiza ndani ya mtungi mrefu wa zamani wa kuzimia moto aliokuwa ameukata ncha mbili.

Nafasi iliyobaki kati ya bomba na mtungi aliijaza stilwaya, zile zile za kusugulia masufuria. Moshi unapita moja kwa moja katikati bila kubanwa, na sauti inaingia kwenye matundu na kumezwa na stilwaya. Alizimaliza madukani. Muuza duka mmoja alimwuliza kama ameoa wake wengine au amefungua hoteli.

"Stilwaya zinaungua," anasema Alfonsi. "Kila mwaka nafungua mtungi, nabadilisha. Na chini nimetoboa tundu la kutolea maji, la sivyo kutu inaanzia ndani."

Pikapu ilipanda Uchindile bila kusita. Ilipita Namawala na magunia ya mpunga, na watoto waliigundua ikiwa imeshafika mlangoni kwao. Hilari anasema wiki zile alilala usingizi mzuri. Alidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha, na waliomfungua macho ni watu wa kijijini kwake mwenyewe.

Septemba mwaka huo huo, kijana wa Kisawasawa aliyeitwa Sebastiani alifariki Ifakara. Habari za mwisho zilizofika nyumbani zilisema anaendelea vizuri. Kwao kulikuwa na matayarisho ya sherehe ya mdogo wake aliyekuwa anapokea komunyo ya kwanza. Wanawake walikuwa wanatwanga mpunga na kuimba, na walikuwa wanasubiri wageni kutoka Mang'ula.

Hilari aliingia taratibu, kama desturi, na tawi la majani mabichi limefungwa mbele ya gari kuonyesha kuwa kuna marehemu. Lakini tawi linaonekana kwa yule anayetazama barabarani, na siku hiyo hakuna aliyekuwa anatazama. Injini haikusikika. Gari lilitokeza kwenye kona ya nyumba, na mama wa Sebastiani, akidhani ni wale wageni wa Mang'ula, akalipokea kwa vigelegele.

Wenzake wakaitikia. Vigelegele viliendelea mpaka mmoja alipoyaona majani.

Mama huyo hakutaka kuzungumza na mwandishi, na hakulazimishwa. Aliyezungumza ni shangazi wa marehemu, Mariana, mwanamke mrefu anayepima maneno yake kabla ya kuyatoa.

"Sisi hapa maiti ya mtu anayetoka hospitali inapokelewa barabarani," alisema. "Wanawake tunatoka, tunatembea na gari mpaka nyumbani. Mtu haingii kwao peke yake. Mtoto wetu aliingia peke yake, na mama yake akampigia vigelegele. Hilo litaondokaje moyoni?"

Siku ile ya msiba, baada ya mazishi, alimwita Hilari pembeni. "Nilimwambia, mwanangu, ile kelele ilikuwa inatupa muda wa kufunga kanga. Wewe umetunyang'anya."

Sauti kubwa ilikuwa imemwua Mzee Telesphory kwa msiba usiokuwepo. Sauti ndogo ilikuwa imemnyima Sebastiani mapokezi yake. Dereva huyu, ambaye shule aliishia darasa la saba, alikaa na fumbo hilo kwenye usukani safari nzima ya kurudi Ifakara.

"Alikuja akaniambia, nirudishie kelele," anasema Alfonsi, na kwa mara ya kwanza anaacha kuchomelea. "Nikamtukana kidogo. Mtungi ule nimeuhangaikia, vidole vimekatwa na stilwaya, halafu mtu anasema nirudishie kelele? Ndipo akanieleza ya Kisawasawa. Nikakaa chini."

Walijadiliana siku hiyo mpaka chai ikapoa. Alfonsi alipendekeza honi. Hilari akakataa, akasema honi ni ya harusi, na asingeweza kumwingiza marehemu kijijini kwa honi. Walifikiria mtu wa baiskeli wa kutangulia na taarifa, wakaona kwa barabara za mvua gari litamwacha nyuma au atakwama.

Kilichobaki kilikuwa ni kuliachia gari sauti zote mbili. Alfonsi alikata bomba mbele ya mtungi wa stilwaya, akachomelea tawi fupi linaloelekea chini, akaliziba kwa kibati chenye nati mbili. Kibati kikiwepo, moshi unapita kwenye mtungi na gari linakwenda kwa utulivu. Kikitolewa, moshi unatokea hapo hapo na ile ngurumo ya zamani inarudi, na mluzi wake.

"Nguvu ni ile ile, ufungue ufunge," anasema fundi. "Vijana wa hapa mjini wameshasikia. Wananiletea magari niwatolee sailensa yapige kelele mtaani. Nawaambia, kelele hapa ina kazi yake, nendeni."

Hilari alizunguka mwenyewe vijiji anavyopita kuwaeleza watu. Aliongea makanisani baada ya ibada, akaongea msikitini, akaongea na wanawake visimani. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Likipita kimya, ni mpunga au ni mtu aliyepona anarudi kwao, endeleeni kupika. Likinguruma, tokeni.

Tangu hapo amekuwa akilala chini ya gari kabla ya kila safari ya msiba. Watu wa Ifakara wameshazoea kumwona.

Na leo, Agosti 1999, pikapu inanguruma kuelekea Namawala. Nyuma, wafiwa wamekaa kulizunguka jeneza, wameshikilia pembe zake. Hilari anaendesha polepole kuliko baiskeli. Kwenye kila shimo midomo yake inacheza kidogo, na mwandishi, aliyeketi kando yake, anajua anachosema ingawa hakisikiki.

Wanawake wameshatoka. Wamesimama kando ya barabara tangu mwanzo wa mashamba, kanga kichwani, wengine miguu ina tope la bustani. Gari linapowafikia wanaingia nyuma yake na kutembea nalo. Masanja amesimamisha ng'ombe wake mbali na njia, kofia iko mkononi.

Mpaka gari linapofika nyumbani kwa marehemu, msafara umekuwa mrefu. Mkeka umeshatandikwa, moto umeshawashwa, na wanaume wa kupokea jeneza wamejipanga. Mama huyu amefika kwake akiwa amesindikizwa na kijiji kizima, na hakuna aliyeshtukizwa. Kilio ni kikubwa, lakini ni kilio cha watu waliosimama tayari.

Miongoni mwa wanawake hao yumo Rosemery, mwanawe akiwa mgongoni. Mtoto anaitwa Telesphory. Ndilo jina pekee, anasema mama yake, ambalo Hilari hakulikataa.

"Shikamoo kaka Hilari," anasalimia.

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anasema usiondoke bila kunywa maji."

Siku ya kaburi maji yake yalikuwa ya kunawa; safari hii Hilari anayanywa.

Kabla jeneza halijaingizwa ndani vizuri, dereva ameshatandaza gunia lake na kuingia uvunguni. Anakirudisha kibati na kukaza nati. Hapendi gari litoke kijijini na sauti ile likiwa halina marehemu, hata kwa hatua chache.

Anapojitoa, mama mmoja kijana anayeitwa Ester amesimama kando ya gari na mtoto anayehema kwa homa. Anaomba lifti hadi hospitali. Hilari anamfungulia mlango wa mbele, na mwandishi anahamia nyuma kwenye gunia.

Pikapu inarudi Ifakara kwa sauti ya chini, kama cherehani inayoshona katika chumba cha pili. Njiani kuna nyumba ambayo, Hilari anajua, ina mgonjwa wodini. Mzee amekaa kibarazani. Anainua uso, analitazama gari likipita, kisha anarudi kupukuchua mahindi yake.

Hilari anasema siku hizi akipita Namawala anaona vyandarua vimeanikwa kwenye kamba, nyumba hata nyumba. Anasema ana hamu ya kubeba mpunga tu. Nelly ameshamwahidi kuwa mwakani, mavuno yakikubali, atanunua gari la pili na kumwachia Hilari hili la kwanza aliendeshe hadi wachoke wote wawili.

Hospitalini, Ester anateremka. Muuguzi anampokea mtoto, anamgusa paji la uso, anaingia naye ndani haraka. Hilari anasimama mlangoni akiwatazama mpaka wanapotea kwenye korido.

Kisha anapiga magoti kando ya gari, anaingiza mkono chini na kuzigusa zile nati mbili, kama mtu anayepima joto la chai. Ndipo anapojibu swali la asubuhi.

"Alfonsi ananigombeza, anasema nisipozipaka grisi zitashika kutu, siku moja zitagoma kabisa kufunguka," anasema. "Mimi ndiyo siku ninayoisubiri. Nije na spana nikute hazifunguki, kwa sababu zimekaa muda mrefu bila kazi."

Anajifuta mkono kwenye suruali.

"Gari zima nalipaka grisi. Hizi mbili naziombea kutu."